Maswali ya Wasomaji kwa Daktari: Mama ameombwa aingie kwenye utafiti wa saratani ya mapafu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yetu ana miaka 61. Alikohoa muda mrefu akiwa hapa Tanga, akapewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita asipate nafuu, kisha kaka yangu akamchukua kwenda Minnesota anakoishi. Huko wamemchukua kinyama cha pafu na kusema ni saratani, nayo imeshafika kwenye ini. Sasa madaktari wamemwomba aingie kwenye utafiti. Wagonjwa wengine watapewa kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za saratani, pamoja na dawa ya kingamwili, na wengine watapewa hizo hizo mbili na kuongezewa kingamwili nyingine mpya. Nani apate nini, inachagua kompyuta. Mama anasema hataki kufanywa panya wa maabara, na mimi naogopa asije akatundikiwa maji matupu akidhani ni dawa. Tumshauri nini?
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni sana wewe na ndugu zako.

Nianze na hofu ya maji matupu, kwa kuwa ndiyo inayowakosesha wengi usingizi. Kwa jinsi ulivyoueleza utafiti huo, hakuna kundi litakaloachwa bila dawa. Hata mama akiangukia kundi la ulinganishi, atapewa kemo pamoja na kingamwili, yaani tiba ile ile ambayo kwa kawaida angepewa kama angekataa kuingia kwenye utafiti. Swali linaloulizwa hapo ni kama kuongeza kingamwili ya pili juu ya tiba bora iliyopo kunamsaidia mgonjwa kuliko tiba hiyo ilivyo. Kwa hiyo kila unapoletewa habari ya utafiti wa dawa, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: wasiopata dawa mpya wanapata nini?

Ili uelewe ni kwa nini tiba anayoahidiwa mama kama tiba ya kawaida ina dawa za aina mbili, inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Mpaka mwanzoni mwa karne hii, mgonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa alikuwa na kemo peke yake, nayo ilikuwa dawa yenye platini, ama sisplatini ama kaboplatini, pamoja na dawa nyingine moja. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakifariki kabla ya mwaka kwisha. Kingamwili zilikuwa zinajulikana kwa muda mrefu kama protini ambazo mwili hutengeneza ili kumtambua adui, na mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walipata, huko Cambridge, Uingereza, njia ya kutengeneza maabara kingamwili za aina moja tu zinazolenga kitu kimoja tu. Hata hivyo, kuziweka pamoja na kemo katika saratani ya mapafu kulihitaji kupimwa kwa watu, na kazi hiyo haikuwa nyepesi.

Ya kwanza kuonyesha kwamba inaongeza maisha ikichanganywa na kemo katika ugonjwa huu ilikuwa bevasizumabu, ambayo huuzuia uvimbe usijijengee mishipa mipya ya damu. Katika jaribio dogo la wagonjwa 99, ambalo matokeo yake yalitolewa 2004, wagonjwa 6 waliopewa dawa hiyo walitokwa na damu nyingi ghafla, kwa kukohoa au kutapika, na 4 kati yao wakafariki. Watafiti walipochambua kumbukumbu zao waliona kwamba balaa hilo liliwaandama zaidi wenye aina ya saratani ya mapafu iitwayo saratani ya seli bapa, na wenye uvimbe uliokaa katikati ya kifua karibu na mishipa mikubwa. Jaribio kubwa lililofuata huko Marekani, lenye wagonjwa 878, likawaacha nje wenye saratani ya seli bapa na wale waliokuwa wakikohoa damu kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Matokeo yake yalichapishwa 2006: mgonjwa wa katikati katika kundi la kemo peke yake aliishi miezi 10.3, na katika kundi lililoongezewa bevasizumabu aliishi miezi 12.3. Pamoja na tahadhari yote hiyo, wagonjwa 15 katika kundi la bevasizumabu walifariki kwa madhara ya tiba, 5 kati yao kwa kutokwa na damu mapafuni.

Nimekueleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu ndiyo maana halisi ya kupima dawa. Wale wagonjwa wanne wa jaribio la kwanza sikuwajua, wala sijawahi kusikia majina yao, lakini kila ninapomuuliza mgonjwa kama anakohoa damu kabla ya kumwandikia dawa ya aina hiyo, swali langu limetoka kwao. Tena si kila kingamwili iliyopimwa ilifaulu. Setuksimabu ilijaribiwa pamoja na kemo kwa wagonjwa 1,125. Ikasogeza miezi 10.1 ikawa 11.3, na mamlaka ya dawa ya Ulaya ikakataa kuiidhinisha kwa saratani ya mapafu, kwa kuona kwamba faida hiyo ndogo haiyashindi madhara yake. Naona walikuwa na haki.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kingamwili za aina nyingine, ambazo hazigusi uvimbe wenyewe bali zinagusa askari wa mwili. Chembe nyeupe zinazoua seli mbovu zina kitu juu yake kiitwacho PD-1. Seli ya saratani nayo huvaa kitu kiitwacho PD-L1, na viwili hivyo vikikutana, askari huyo hutulia kama mlinzi wa getini aliyeambiwa kwamba huyu ni mwenyeji, mpishe. Pembrolizumabu huifunika PD-1 ili ujumbe huo usimfikie. Katika jaribio lililopewa jina la KEYNOTE-189, wagonjwa 616 wenye saratani iliyosambaa isiyo ya seli bapa, katika nchi 16, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipewa kemo ya pemetreksedi pamoja na dawa ya platini; wawili katika kila watatu wakaongezewa pembrolizumabu, na wa tatu akaongezewa dripu ya maji ya chumvi.

Hapo ndipo penye yale maji unayoyaogopa, nami sitaki kukuficha. Maji hayo yalitundikwa juu ya kemo kamili, si badala ya kemo, na wakati huo kemo hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya kawaida. Yaliwekwa ili mgonjwa na daktari wake wote wasijue nani amepata nini, kwa maana daktari akijua, hata jicho lake la kusomea picha za kifua huanza kupendelea. Ugonjwa wa mtu ulipozidi, siri yake ilifunguliwa, na kama alikuwa kundi la maji aliruhusiwa kuhamia pembrolizumabu. Na kulikuwa na kamati ya nje, isiyowatibu wagonjwa hao, iliyokuwa ikizitazama hesabu wakati utafiti ukiendelea.

Matokeo yalitangazwa Aprili 2018. Baada ya miezi 12, wagonjwa 69 katika kila 100 waliopewa dawa zote mbili walikuwa hai, dhidi ya 49 katika kila 100 wa kemo peke yake. Walipoendelea kufuatiliwa, ilionekana kwamba mgonjwa wa katikati wa kundi la kwanza aliishi miezi 22.0, na wa kundi la pili miezi 10.6. Baada ya miaka mitano walikuwa hai 19 katika kila 100, dhidi ya 11. Mwaka huo huo wa 2018 jaribio jingine la wagonjwa 559 lilionyesha faida ya namna hiyo kwa wenye saratani ya seli bapa, wale wale walioachwa nje ya bevasizumabu.

Nisimame kidogo kwenye neno “mgonjwa wa katikati”, kwa kuwa nimeona familia zikilisikia vibaya. Wapange wagonjwa wote kwa mstari, kuanzia aliyefariki mapema hadi aliyeishi muda mrefu kuliko wote, kisha umtazame aliyesimama katikati: miezi yake ndiyo inayotajwa. Nusu ya mstari uko nyuma yake na nusu uko mbele yake, na wa mbele wengine wamekwenda mbali mno. Basi mtu akimwambia mama kwamba “dawa hii inatoa miezi 22”, amemwambia jambo ambalo utafiti haukulisema. Wala asiambiwe kwamba atapona. Katika hatua ya nne, yaani saratani ikishasambaa kama ya mama, tiba hii huongeza maisha, na kwa wachache huongeza miaka mingi.

Utajiuliza, ikiwa kingamwili ni nzuri hivyo, kemo ya nini? Kuna wagonjwa ambao PD-L1 huonekana kwenye seli zao nyingi za saratani, yaani kuanzia asilimia 50 ya seli hizo, na hao wengine hutibiwa kwa kingamwili peke yake. Kwa wengi waliobaki, kinga ya mwili huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kuamka na kufanya kazi, ilhali uvimbe hausubiri. Kemo ndiyo inayoushika katika muda huo. Isitoshe, seli za saratani zinapokufa kwa kemo humwaga vipande vyake, na askari wa mwili huvitumia kumjua adui.

Sasa habari ya panya. Niliwahi kukaa na mzee mmoja mvuvi aliyeletewa karatasi za ridhaa ya utafiti, akaniomba nimsomee tena na tena ukurasa uliosema kwamba kundi lake litachaguliwa kwa bahati nasibu. Aliweka kidole juu ya neno hilo, akaniuliza kwa hasira, “Kwa nini ichague kompyuta, na wewe daktari umekaa hapa?” Nilimjibu kwamba ningechagua mimi, ningewapeleka wenye nguvu kwenye dawa mpya na dhaifu kwenye ya zamani, hata bila kukusudia, na mwisho wa yote tungeisifu dawa kwa nguvu za watu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama anaweza kutoka siku akichoka. Anaweza. Na mama anaweza pia, siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kupoteza haki ya kutibiwa. Panya hajawahi kusomewa karatasi, wala hajapewa mlango wa kutokea.

Kwa hiyo mwambieni kaka asimwache mama atie saini kwa haraka, na kama Kiingereza kinampiga chenga, waombe mkalimani wa hospitali, asiwe mjukuu anayeruka maneno mazito kwa kumwonea bibi huruma. Waulize utafiti uko awamu gani, maana awamu ya kwanza hutafuta kipimo salama cha dawa, na ya tatu ndiyo inayolinganisha tiba kwa watu wengi. Waulize kingamwili hiyo ya pili imeshapewa watu wangapi na iliwadhuru vipi. Waulize pia mambo ya fedha: nani analipia dawa na vipimo vya ziada, na utafiti ukifungwa huku dawa ikiwa bado inamsaidia, je, ataendelea kuipata? Hilo la mwisho husahauliwa sana, nami nimeona likiumiza.

Na maoni yangu, kwa kuwa umeniuliza tumshauri nini: ikiwa mama bado anatembea mwenyewe na kujihudumia, na majibu ya maswali hayo yakaridhisha, ningefurahi aingie. Akikataa, mheshimuni, maana atatibiwa kwa tiba nzuri hata hivyo.

Neno moja kuhusu ile miezi sita ya Tanga. Sikulaumu wala siwalaumu waliomtibu, kwa kuwa kikohozi, kukonda na kivuli kwenye picha ya kifua hufanana mno katika magonjwa haya mawili, na kifua kikuu ndicho kilicho kingi kwetu. Lakini wasomaji wengine wasikie: mtu anayemeza dawa za kifua kikuu ambacho hakikuthibitishwa kwa kipimo cha makohozi, na baada ya miezi miwili hana nafuu yoyote, arudi hospitali aombe kuchunguzwa upya.

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 48 na hajawahi kuvuta sigara. Ana saratani ya mapafu hatua ya nne. Kipimo cha jeni kimeonyesha ana mabadiliko ya EGFR, na daktari wake anataka kumpa vidonge. Shemeji zangu wamesoma kwenye simu kwamba dawa ya kisasa ni kemo pamoja na pembrolizumabu, na tunakusudia kuuza shamba ili tuinunue. Je, vidonge si tiba ya maskini?
Mke mwenye wasiwasi, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, msiuze shamba. Nalisema hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Wagonjwa wenye mabadiliko ya EGFR hawakuingizwa katika lile jaribio la KEYNOTE-189 nililolieleza hapo juu, na hawakuachwa kwa bahati mbaya. Saratani yao inaendeshwa na jeni moja iliyoharibika, na vidonge vinavyoizima jeni hiyo ndivyo vinavyowafaa kwanza, wakati kingamwili za PD-1 huwasaidia kidogo sana. Baadaye likafanywa jaribio jingine kwa ajili yao hasa, KEYNOTE-789, la wagonjwa 492 ambao vidonge vilikuwa vimeshindwa. Waliopewa kemo na pembrolizumabu, mgonjwa wa katikati aliishi miezi 15.9; waliopewa kemo bila hiyo, miezi 14.7. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuthibitisha kwamba si bahati tu. Kwa hiyo hayo ambayo shemeji zako wamesoma ni kweli, ila ni kweli ya wagonjwa wengine.

Kuna hatari pia ya kuvuruga mpangilio. Mgonjwa akitangulizwa pembrolizumabu kisha akapewa osimertinibu, kimojawapo cha vidonge hivyo vya EGFR, muda mfupi baadaye, uwezekano wa mapafu kuvimba vibaya huongezeka, kwa sababu kingamwili hukaa mwilini kwa muda mrefu baada ya dripu ya mwisho. Vidonge hivyo si tiba ya maskini. Ni tiba iliyopatikana kwa sababu kuna mtu aliyejali kupima jeni za mumeo kabla ya kuandika dawa, na laiti kila hospitali yetu ingefanya hivyo.

Kwa wasomaji ambao wagonjwa wao hawana mabadiliko hayo wala ya jeni nyingine iitwayo ALK, na wanaogopa gharama: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pembrolizumabu katika orodha yake ya dawa muhimu, saratani ya mapafu iliyosambaa ikiwamo. Kuwamo kwenye orodha hakushushi bei papo hapo, na bei bado ni mzigo ambao familia nyingi haziwezi kuubeba. Lakini kunawapa hoja wanaopanga bajeti za serikali na bima, nasi wagonjwa na madaktari tuna wajibu wa kuwakumbusha.

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Muscat. Kaka yangu mkubwa anatibiwa saratani ya mapafu hapa kwa kaboplatini, pemetreksedi na pembrolizumabu, na ameshapata dripu tatu. Tangu juzi anaharisha mara saba kwa siku, na akipanda ngazi anahema kuliko zamani. Wifi yangu anasema ni kawaida ya kemo, tumpe uji wa mchele na dawa ya kuzuia kuharisha mpaka dripu ijayo, ambayo ni baada ya siku tisa. Mgongo nao unamuuma, anameza diklofenaki za dukani.
Ndugu wa mgonjwa, Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Msisubiri siku tisa.

Wifi yako anaijua kemo, na kwa kemo peke yake pengine angekuwa na hoja, ingawa hata hapo mara saba kwa siku ni nyingi. Lakini kaka amepewa pia dawa inayowaondolea askari wa mwili kizuizi, na askari hao wakipitiliza huweza kuugeukia utumbo, mapafu, ini, figo au tezi ya shingo ya mgonjwa mwenyewe. Katika KEYNOTE-189, mapafu kuvimba kwa namna hiyo kuliwapata wagonjwa wapatao 4 katika kila 100 waliopewa dawa zote, na 3 kati ya wagonjwa wote 405 waliopewa walifariki kwa sababu hiyo. Figo kuumia ghafla kuliwapata 5 katika kila 100, wakati katika kundi la kemo peke yake hakukufika hata mmoja katika kila 100. Ni wachache, lakini wanaocheleweshwa ndio wanaoumia zaidi.

Kuharisha huko huenda kukawa ni utumbo kuvimba, na kuhema huko huenda kukawa ni mapafu. Huenda pia ikawa ni maambukizi au upungufu wa damu, na hayo hayajulikani kwa kutazama, yanajulikana kwa vipimo vya damu, vya choo na picha ya kifua. Ikithibitika kwamba ni kinga iliyopitiliza, tiba yake ni dawa za jamii ya prednisoloni kwa kipimo kikubwa, zinazopunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa, na dripu ya kingamwili husimamishwa kwanza. Dawa ya kuzuia kuharisha itaficha dalili huku utumbo ukiendelea kuvimba.

Diklofenaki aiache leo, na ibuprofeni pia, mpaka daktari wake atakaposema vingine. Pemetreksedi hutoka mwilini kwa njia ya figo, na dawa hizo za maumivu huzipunguzia figo uwezo wa kuitoa. Mtu anayeharisha tayari amepungukiwa maji, na figo zake ziko hatarini. Kwa maumivu ya mgongo aulize kuhusu parasetamoli, na aeleze maumivu yameanza lini, kwa sababu saratani ya mapafu hupenda kwenda kwenye mifupa. Zile tembe za foliki asidi alizopewa za kila siku azidishe uangalifu asiziruke, kwani ndizo zinazomkinga na sehemu ya madhara ya pemetreksedi.

Mpigieni simu muuguzi wa kitengo cha saratani mara mkimaliza kusoma haya, mkamtajie majina ya dawa zote tatu, idadi ya mara anazoharisha na tarehe ya dripu ya mwisho. Simu isipopokelewa, mpelekeni chumba cha dharura na ile karatasi ya dawa mkononi. Na atakayempokea aambiwe kwa sauti kwamba mgonjwa huyu yuko kwenye pembrolizumabu, kwa sababu daktari wa zamu akisikia kemo tu, naye atafikiri kama wifi yako.